Shingo ya Chupa

Avanos, ukingoni mwa Mto Mwekundu.
Babu Ruknettin alilisukuma gurudumu kwa mguu wa kulia;
wa kushoto ulilala juu ya kigoda kama paka.

Tumbo ni rahisi, alisema. Tumbo hata mlevi atalifinyanga.
Shingo ndiyo kesi.

Akaukaba udongo kwa vidole sita,
taratibu, kama anayemkaba mtu na hataki afe.
Ukiharakisha, shingo inajisokota kama nguo inayokamuliwa;
ukisita, inanywea.
Maji kidogo. Pumzi ameizuia.
Kidole cha kati kikatoka, kikabaki cha mwisho,
kisha hata hicho hakikuingia.

Hapo ndipo aliponiita, mimi Sevgül, miaka saba:
"Lete kidole."
Nikakichovya gizani, kwenye ubaridi,
ukuta ukakizunguka mbio, laini kama ulimi wa ndama.

Leo nina arobaini, na pete isiyovuka kifundo.
Chupa ile ipo dirishani, haina kitu.
Jana usiku nimeimulika kwa tochi:
upo, mstari mmoja mwembamba,
unapanda ukizunguka
hadi usipoonekana.

Kidole kinakwama mdomoni.