Imebaki Herufi Moja

Wamekata waya wakichimba mtaro njia ya Kibosho,
mtandao hakuna tangu saa nne,
na hapa ghalani Moshi faili la mizani
limemwandika Mzee Ndewirwa wa Uru mara mbili:
kahawa kilo arobaini, tena kilo arobaini.

Kileo, kabla hajahamia Dodoma, aliniambia:
usikariri amri, jua pa kuulizia.
Naandika m, a, n, nafasi, kistari, k,
nasita, nacheka peke yangu.
Imebaki herufi moja niitwe: Manka.

Natia neno la kutafutia. Yanashuka majina
nisiyoyajua, na yote yalikuwa humu,
kama vikombe vya wageni kabatini kwa mama.
Moja lina herufi nne. Nafungua maelezo yake:
hayana salamu, ila kuelekea mwisho
yanataja kasoro zake bila kuulizwa:
sioni mapacha wasiokaa jirani. Panga kwanza.

Napanga.
Ndewirwa anasogea juu ya Ndewirwa,
wanakuwa mtu mmoja, kilo arobaini.

Mlinzi anachungulia: mtandao umerudi?
Sijui, namjibu.
Nilishaacha kuungoja.