Pipa la Alhamisi

Mtaani kwetu Umoja maji huja Alhamisi,
saa tisa usiku, bomba likikohoa kwanza hewa,
kisha kutu, ndipo yenyewe.
Nilijaza pipa la bluu hadi mdomoni, na sikufua.
Nilitumbukiza kitunguu, kijiko, kiatu cha mtoto wa jirani,
na taa mbili za kuazima kwa Odipo,
ghorofa ya pili Luthuli, kibanda kisicho na dirisha.
Alinipa siku tatu na onyo:
"Ukizirudisha na ukungu ndani ya kioo, umenunua zote."

Ya kwanza ni ya mmweko.
Hulala gizani; ukibonyeza, hupasua,
sehemu ya elfu ya sekunde, basi,
halafu inalia nyiii, inavuta pumzi hadi ishibe tena.
Kitunguu kilitoka na kila mshipa wake.
Lakini na uchafu wa tangi la landilodi ulitoka,
chembe nyeupe mbele ya kila kitu,
kana kwamba mtu amepuliza unga.
Odipo akacheka kwenye simu:
"Umeibandika karibu na jicho la kamera.
Itanue mkono, imulike kwa ubavu.
Anayemulika uso kwa uso huona vumbi lake mwenyewe."

Ya pili huwaka tu. Haina hila.
Unakiona kivuli kabla hujakipiga,
unakisogeza, unakikubali.
Ila nguvu hana, maskini:
nilitikisa kijiko, picha ikanipa vijiko vitatu.
Dakika hamsini, betri imekwisha.

Bei ni moja, elfu thelathini na nane,
na mfuko wangu una nafasi ya taa moja.
Maharusi wa Karen wanaotaka shela ielee bwawani
hulipia picha inayokata kama wembe.
Kwao ni mmweko, hakuna mjadala.

Ila Jumamosi nilizibeba zote mbili hadi South C,
kwa ajili ya mama.
Perpetua Kageha, miaka sitini na minane,
thelathini na mmoja akikata tiketi stesheni ya reli,
sasa pensheni inamlipia masomo ya kuogelea,
na mpaka siku hiyo hajatia uso majini.
"Nywele," husema.
Si nywele. Ni mto Yala, mwaka wa sitini na saba,
na kaka yake, ambaye jina lake nimepewa mimi.

Nilizama na mmweko. Akahesabu tatu, akashuka.
Nikabonyeza.
Aliruka juu akikohoa, ukingo kaukamata kwa mikono miwili:
"Asava! Nimelipia masomo, sijalipia radi!"
Picha ilikuwa kali ajabu,
kila kiputo na duara lake, kila mshono wa kofia,
na macho yamefungwa kama benki Jumapili.

Nikabadilisha. Ile ya pili nikailaza sakafuni mwa bwawa,
ikimulika juu.
Aliitazama kutoka ukingoni muda mrefu.
"Hiyo haizimiki?"
"Dakika hamsini."
"Basi kaa hapo hapo nayo."

Picha ina chenga. Mkono wake wa kushoto umeyeyuka.
Hakuna bibi harusi angeilipia hata mia.
Lakini macho yako wazi, wazi kabisa,
wala hayatazami kamera:
yanapita chini yangu, yanakagua vigae kimoja kimoja,
kama ya mtu aliyeangusha kitu zamani
na leo amepewa mwanga wa kukitafuta.

Jumatatu nilipanda ngazi za Odipo.
Nililipia mmweko, maana landilodi hapokei macho ya mama.
Ile nyingine nikaomba kukodi, Jumamosi kwa Jumamosi, mia tano.
Akaifuta kioo kwa pindo la shati,
akaiinua kwenye balbu, akatafuta ukungu, hakuupata.
"Jumamosi unamulika nini?"

Kitunguu, nikasema.