Shingoni mwa Jani

Mwaka huu sikupandikiza.
Vibarua wametaka elfu nane kwa siku, na chai juu,
nami tangu arobaini ya mume wangu sina hata ya sukari.
Basi nikailoweka mbegu kwenye ndoo,
nikaivundika siku moja ndani ya gunia,
nikaisia moja kwa moja kwenye tope, kwa kamba na vijiti,
jaruba letu la Makurunge, lile la karibu na mfereji mkubwa.

Mbegu ikaota.
Na kila kilicholala ardhini nacho kikaota.

Zamani mche ulifika shambani umeshakuwa mtu,
una majuma matatu ya kitalu miguuni;
gugu likichungulia, likute nyumba ina wenyewe.
Sasa wamezaliwa siku moja,
kijani kimoja, kimo kimoja,
wananyonya ziwa moja.
Na lipo moja hasa, mimi naliita shemeji:
limekuja na sura ya ukoo.

Siku ya kumi na nne. Maji hayajafika kifundoni.
Mwanangu Sikitu, miaka minane, kachuchumaa mbele yangu:
"Mama, na lenyewe linajua kuwa si mpunga?"

Sikuwa na jibu. Nikamwonyesha shingo.
Hapa, jani linapoachana na shina, fungua kwa ukucha.
Mpunga una ulimi, kiutando cheupe,
na masikio mawili yenye vinyweleo.
Shemeji hana. Pametakata kama koo la chupa.
Mwenye ulimi mwache.
Asiye na ulimi mshike chini kabisa,
mvute taratibu, na mizizi yake.
Ukimkata juu, atarudi na wenziwe.

Tukaenda hivyo. Ulimi, ulimi, hana, ulimi, hana, hana.
Mtoto alishika upesi kuliko mimi.
Mzee Mbwana wa jaruba la pili akapita na bomba mgongoni,
akasema dawa ingeyamaliza haya kabla ya adhuhuri.
Nikamwambia dawa nayo inauzwa.
Akanyamaza. Hata yeye kakopa.

Mstari wa nne kiuno kikagoma. Nikakaa kwenye tuta,
ndipo Jumanne ikanirudia:
ofisi ya skimu, viti vya plastiki,
na shemeji yangu, yule wa kweli, Mwinchande,
kasimama akisema jaruba la marehemu lirudi kwa ukoo,
mjane atatafutiwa pengine.
Mwenyekiti akaniuliza mara mbili:
Mama Sikitu, una neno?
Nikatazama vidole vyangu vya miguu.
Koo limetakata kama la chupa.

Kikao kimeahirishwa hadi Alhamisi.

"Mama," Sikitu anaita kutoka mstari wa tano,
"hiki hapa kina ulimi mdogo sana,
halafu umechanika. Niking'oe?"

Kiache, namwambia.
Alhamisi tutakitazama tena.