Nani Atangulie Upepo

Gari la Parsaloi limefika Kariobangi kwa kamba,
nyuma ya lori la changarawe,
boneti wazi, kama mtu aliyeanza kusema neno
likamtoka kichwani.
Limechemkia Kona Baridi. Cheka tu, nami nilicheka.
Magadi yote limeivumilia, magadi na jua na mawe,
likaja kuzimika mahali penye jina la ubaridi,
na humo ndani, kwenye sanduku la barafu,
chanjo za ng'ombe zimelala, hazijui lolote.

Maji ya rejeta yametapikwa, rangi ya chai ya kibanda.
Nimechomoa kijiti cha oili, nikanusa:
oili iliyoungua ina harufu ya sufuria iliyosahauliwa
mwenyewe yuko mlangoni anagombana na jirani.
Nikampa Kasyoka naye anuse.
Chuoni hawafundishi harufu.

Maji yakichemka hupiga kelele, nikamwambia,
hutoa mvuke, humwaibisha mwenye gari mbele za watu.
Oili haisemi. Inakonda.
Inakuwa nyepesi kama uji wa mgeni wa tatu,
chuma kinakutana na chuma gizani,
na mshale wa dashibodi umetulia pale pale,
maana hakuna aliyeutuma ukaulize hali ya oili.

Basi tunamfungia kipoza-oili,
cha lori lililokufa, nilichokinunua Barabara ya Kirinyaga
kwa bei niliyoibishania hadi koo likakauka.
Nimekisuuza kwa dizeli mara nne; ya tano ikatoka safi.
Sasa nimekaa juu ya tairi na kikombe changu,
na swali ni moja:
nani atangulie upepo?

Upepo wa mbele ni mmoja.
Anayetangulia anaupata mbichi,
wa nyuma anapumua alichotema mwenzake.
Oili ikikaa mbele ya rejeta,
maji yanapewa makombo, tena ya moto.
Mimi nilizaliwa wa nne, kwetu Masii,
beseni moja la kuogea, jioni moja.
Najua maji yanavyokuwa yakikufikia.

Kasyoka amechuchumaa, tochi mdomoni.
Ameitoa, akafuta mate kwenye ovaroli.
"Kwani lazima wapange foleni?
Toboa bampa hapa, chini ya taa. Kikae pembeni,
kipate upepo wake."

Miaka ishirini na sita
nimekuwa nikipanga vitu foleni.
Sikumjibu. Nilimpa drili.

Parsaloi naye ana lake: toa thamostati, fundi, itupe,
binamu yangu aliitoa na gari linadunda hadi leo.
Hapana. Njoo hapa Julai, saa kumi na mbili asubuhi,
ukungu umekalia mabati, vidole havikamati nati,
uone oili inavyoburura miguu kama mtoto wa shule.
Injini ya dizeli hailali kwenye friji.
Ina joto lake inalolidai, na likizidi inaungua,
likipungua inakohoa moshi mweupe na kunywa mafuta bure.
Kazi yangu ni kuulinda huo upenyo,
mwembamba kama karatasi ninayopimia valvu.

Saa kumi tukawasha.
Feni ikashika. Bomba la juu likapata moto polepole,
kisha ghafla, thamostati ikafunguka:
nimeisikia kwa kiganja kabla mshale haujajua.
Dakika ishirini, gia ya bure, mguu wa Kasyoka kwenye mafuta.
Nimeshika bomba la oili linakoingia, nikashika linakotoka.
Kuna tofauti. Nikamwonyesha Parsaloi,
akashika, akatoa mkono, akashika tena.

Chanjo zilikuwa zimelala kwa Mama Nekesa
katikati ya soda, na amekuja mwenyewe kuuliza
ni lini ng'ombe wataondoka kwenye friji yake.
Chai yangu ilikuwa imeshika utando.
Kwenye karakana nzima,
ni yenyewe tu iliyopoa bila mtu kuisaidia.
Nikainywa hivyo hivyo.