Safu ya 417

Orodha ina nyota mia nane na sita.
Moja tu haina kitu mbele ya jina lake.

Nibaldo Araya hupanda Cerro Culpeo saa kumi alasiri
na chupa ya chai ya boldo, na buti za marehemu kaka yake.
Anamimina nitrojeni oevu kwenye tumbo la chombo
maana chombo chenye joto hujiona chenyewe,
hung'aa, na mng'ao wake ndio upofu wake.
Sharti kwanza kipoe kuliko kaburi
ndipo kipokee joto la mwingine.

Nuru tunayoitaka iko hatua chache kupita wekundu,
pale jicho linaposema basi
na ngozi inasema bado.
Majitu mekundu yaliyojifunika vumbi
huko hayana pa kujificha:
hutoa kaboni monoksaidi yao kama meno ya msumeno,
hutoa sodiamu, kalsiamu, na umri.

Halafu kuna hewa.
Mwanga umekuja miaka mia mbili bila kuguswa na mtu,
na kilomita chache za mwisho
mvuke wetu unaung'ata.
Kikulacho ki nguoni mwako: jasho la Pasifiki,
ukungu wa kamanchaka uliolala bondeni,
pumzi ya Nibaldo, pumzi ya mbweha
anayekuja mlangoni kudai ganda la jibini.
Ndiyo maana kila nyota hupimwa pamoja na jirani mweupe,
nyota ya mizani, isiyo na mengi ya kusema.
Mimi, huku La Serena, nagawa moja kwa nyingine,
na kinachobaki, tunasema, si sisi.

Miaka kumi na mmoja nagawa.

Mama alikuwa mtunza maktaba wa manispaa, Ovalle.
Aligonga muhuri vitabu vya kilimo cha zabibu
na vya mapenzi kwa nguvu ileile.
Tetemeko lilipomwaga rafu zote
watu waliingia kutoka barabarani, wakaokota, wakapanga ovyo,
mashairi katikati ya magonjwa ya mbuzi.
Aliviacha hivyo wiki nzima.
"Waacheni," alisema, "wamevishika."

Sasa 417.
Mwaka wa kwanza, mawingu. Wa tatu, kioo kilikuwa kinasafishwa.
Wa sita tuliipata, dakika arobaini kamili,
usiku wenye unyevu.
Na nyota yenyewe ni mzee aliyepoa
hata ana mvuke wa maji katika hewa yake.
Maji juu ya maji.
Niligawa mara thelathini. Sikujua
yapi yake, yapi ya ule usiku wetu.

Profesa Quilodrán alisema tujaze kwa hesabu za kompyuta,
mkunjo laini, nani atagundua?
Nilimjibu kwamba mficha uchi hazai.
Hakucheka. Lakini hakujaza.
Kwenye safu ile niliandika:
*Hewa ilikuwa na maji. Nyota pia. Hatukuweza kuyatenganisha.*

Jumanne, saa tatu usiku, niliifungua maktaba.
Bila nywila, bila ada, bila kuuliza wewe ni nani.
Friji ilinguruma. Hakuna kilichotokea.
Nikaosha vikombe.
Niliporudi mtu mmoja, sijui wapi, alikuwa amebeba zote.
Mwingine alichukua faili moja tu, ile ya 417,
sentensi tatu,
kisha akairudia, kama anayesoma
bango kwenye mlango uliofungwa.

Saa nane simu ikaita. Mradi umekwisha,
darubini usiku huu ni ya wageni wenye fedha zao.
"Unyevu asilimia nne," anasema Nibaldo,
mdomo wake karibu mno na simu.
"Wenyewe wanakula. Nina kama dakika ishirini."
Namuuliza, kwa ruhusa ya nani?
"Ermelinda," anasema,
"nitajie jirani yake mweupe."