Kugonga Mzinga

Nilipanda basi la Sikonge kabla ya jogoo,
barua ya zahanati imekunjwa ndani ya daftari,
pumzi naihesabu kama chenji isiyofika nauli.
Tabora kumekucha. Benchi la mbao. Namba kumi na saba.
Jirani, namba kumi na nane, ananong'ona:
"Mashine ile ina mionzi. Inakausha damu."
Namjibu kwa kikohozi.

"Kalunde Misana!"

Chumba kina giza la makusudi.
Mpimaji anaitwa Sizya, soksi zake hazifanani.
"Lala ubavu wa kushoto, mama. Mkono chini ya kichwa.
Hakuna sindano, hakuna mionzi. Ni sauti tu."
Sauti gani? Mbona sisikii?
"Nyembamba kupita sikio la mtu.
Inakwenda, inagonga nyama, inarudi,
na mashine inachora ilichogonga."

Kisha ute kifuani, baridi kama tope la Februari,
na kile kidude kinateleza mbavuni
kikitafuta mwanya kati ya mfupa na mfupa.

Nikamkumbuka baba, porini Ipole,
sikio kwenye gogo, kidole kimekunjwa: ko, ko.
Hakufungua mzinga ili ajue kilichomo.
Aligonga, akangoja.
Mtupu una jibu lake. Uliojaa una lake.
"Kumbe ni hivyo tu?" nikasema.
Sizya akacheka: "Hivyo tu. Ila mzinga wa baba hauhitaji umeme."

Ndipo nikauona.
Mimi niliyezoea kusema moyo umenituma, moyo umekataa,
kumbe ni ngumi ya kijivu
inayojikunja na kujikunjua, hainiombi ruhusa.
Vyumba viwili juu vinapokea, viwili chini vinasukuma,
na katikati milango, myembamba kama bawa la nyuki.

Akabonyeza kitu. Rangi zikamwagika.
"Nyekundu ndiyo damu nzuri?"
"Wengi hudhani hivyo. Nyekundu inakuja upande wa mkono wangu,
samawati inakwenda zake.
Ni njia, mama, si tabia."

Halafu akanyamaza. Mkono ukatulia mahali pamoja.
Mlango mmoja wa kushoto haukutani vizuri na mwenzake;
kila ukijifunga
mchirizi wa rangi unachomoka, unarudi ulikotoka.
"Utotoni uliwahi kuumwa koo, viungo vikavimba?"
Darasa la tatu. Bibi alinipa asali na ndimu.
Koo likapona, shule nikarudi.
Asali, kwetu dawa ya kila kitu.
Kila kitu, ukiondoa hiki.

"Unasukuma hamsini na tano kwa mia."
Nikashtuka: arobaini na tano kala nani?
"Hakuna moyo unaotoa yote. Hata wangu."
Basi, hilo nalijua.
Mrina asali mwenye akili huacha masega nyuma;
akikomba yote, nyuki wanahama.

Karatasi ya kujifutia haikutosha, nikamalizia na kitenge.
Majibu yana maneno marefu, daktari atayasoma Alhamisi,
na ya dawa atasema yeye.

Nje, namba kumi na nane amenitolea macho.
"Inauma?"
"Baridi tu," nikamwambia.
"Na blauzi hiyo ina vifungo mgongoni.
Ungevaa ya kufungua mbele."