Kusemea

Saa tano ya usiku, Februari, Bloomfield, mjini Pittsburgh.
Mashine namba sita inazungusha blauzi yangu moja
nami nazungusha kadi, ishirini na mbili,
kwa wino wa kijani maana kalamu nyeusi imekauka.

Kadi ya kwanza: Kwa nini mashtaka, si utetezi?
Ya nne: Shahidi wako amekugeuka asubuhi ya kesi,
juri limeshaketi, jaji anakutazama.
Ya tisa: Polisi amepekua buti la gari bila hati.
Nazijibu kwa sauti, dakika mbili mbili,
mikono mapajani kama alivyonifunza Profesa Lindqvist:
"Usiipeperushe, hufukuzi nzi."

Bi Hruska anakunja mashuka upande wa pili.
Aliendesha basi miaka thelathini na mmoja,
akaitwa kwenye juri mara moja tu.
"Siku nne," ananiambia, "na kijana yule
alivaa koti la kuazima, mikono imemeza vidole.
Tulimtia hatiani. Hatia alikuwa nayo, usinielewe vibaya.
Lakini mwendesha mashtaka alitabasamu akifunga mkoba."
Anavuta ncha za shuka mpaka zinalia.
"Wewe usitabasamu."

Hilo halimo kwenye kadi.
Naliandika nyuma ya ile ya tisa.

Mama, nilipomweleza kazi ninayoiomba,
aliuliza kwenye simu:
"Miaka yote hiyo darasani, uje uwe wa kusemea watu?"
Kwetu kusemea ni kazi ya mtoto mwenye kamasi,
akimbiliaye jikoni kabla mwenziwe hajafuta mdomo.
Nikamwambia, mama, neno hilo hilo
ni kumsemea aliyeumizwa akashindwa kusema.
Akajibu, "Haya, wakili."
Haya ya mama ina vyumba vingi, na vingine vimefungwa.

Kadi ya kumi na saba nimeiacha ya mwisho.
Usiku wa kuamkia hukumu umeikuta karatasi
inayomfaa mshtakiwa. Hakuna mwingine aliyeiona.
Jibu lake naliweza usingizini:
naikabidhi kwa wakili wake, mara moja,
hata kesi inifie mikononi.
Nalisema. Limenyooka.
Nalisema tena, na mara hii
naiona redio ya baba juu ya kabati, na kitambaa chake cha kufumwa.

Nilikuwa na miaka minane. Nilimsemea Shaweji
kwamba ndiye aliyeiharibu.
Alichapwa kwa ukanda, mara saba; nilihesabu.
Jioni nikafungua kifuniko cha nyuma:
betri zimevuja, unga mweupe umekula waya.
Redio ilijifia yenyewe.
Nikarudisha kifuniko.
Nikaenda kula.

Mashine inasimama. Tanga kumeshakucha.
"Shaweji, unaikumbuka redio?"
Nasikia kijiko kikigonga kikombe, kinagonga, kinagonga.
"Betri," anasema. "Niliziona kesho yake."
"Mbona hukusema?"
"Nimwambie nani? Hakimu alishasahau kesi."
Kisha: "Wanakuhoji saa ngapi? Umepiga pasi?"

Sijapiga pasi.

Asubuhi, Mtaa wa Grant, chumba chenye joto la kupita kiasi:
watu watatu, jagi la maji,
theluji chafu imeegemea dirisha kama mtu anayesikiliza.
Wananiuliza ya kwanza. Ya nne. Wanairuka ya tisa.
Halafu mwenye miwani anasogeza kiti:
"Tuseme ni usiku wa manane, umeikuta karatasi..."

Jibu lipo ulimini, limekunjwa vizuri kama shuka la Bi Hruska.
Mikono yangu inatoka mapajani.
"Iliwahi kunitokea," nasema. "Niliificha."

Kalamu tatu zinasimama.
Kola bado mbichi, inanigusa shingoni.
"Naomba nieleze," nasema, na sitabasamu,
"nilimfanyia nani."